Ngoma ya Jicho la Kushoto

Tapeswaram, 19 Januari 2004

Mwanangu Charumati,

Hujambo? Sisi huku hatujambo, ila kiuno changu, nacho umeshakizoea. Sikukuu ya mavuno ilipita salama. Dukani kaja zetu, tamutamu za unga na shira, zilinunuliwa zote, ikabidi nifiche sanduku moja la kukutumia wewe.

Sasa nijibu jambo. Shangazi yako Kanakadurga alikuona Visakhapatnam, akarudi akisema jicho lako la kushoto limevimba kama andazi. Nikamwambia, "Dada, mtoto anajifunza ngoma ya jadi, labda aliteleza." Akasema, "Kwani anacheza kwa jicho?" Wateja wakaangua kicheko. Ni ngoma gani hiyo?

Hata hivyo, kamati ya hekalu imekuweka kwenye sherehe ya mwaka mpya wetu wa jadi, Machi 21. Bango limeshabandikwa, jina lako kubwa kuliko la mgeni rasmi. Utacheza nusu saa. Nimewaahidi mimi mwenyewe.

Baba yako.


Visakhapatnam, 28 Januari 2004

Baba mpenzi,

Shikamoo. Kiuno kikande kwa maji ya moto, na magunia ya sukari wabebe wengine.

Baba, keti kwanza. Umeketi? Sijui kucheza ngoma. Chuo cha ualimu nasoma kweli, na alama zangu ni nzuri, lakini jioni niko ulingoni. Nacheza ngumi na mateke. Kuna kocha, kuna refa, kuna kinga ya meno. Lile jicho ni uzembe wangu.

Nilikudanganya kwa sababu tangu Mama afariki, nikipiga chafya mara mbili unaita madaktari wawili. Ningekuambia napigwa mateke ya kichwa, ungekuja na machela.

Nimeingia fainali ya jimbo, uzito wa kilo hamsini na mbili. Ni Jumapili, Machi 14, ukumbi wa manispaa, saa nne asubuhi. Nisamehe au nikaripie, lakini niandikie.

Mwanao.


Visakhapatnam, 5 Machi 2004

Baba,

Shikamoo. U mzima? Wiki ya tano hii sijapata hata mstari.

Kaja zimefika. Nililipekua sanduku hadi chini nikitafuta barua, nikaambulia shira vidoleni. Sikuonja hata moja, maana nimezidi gramu mia tatu. Wenzangu bwenini wamezimaliza, wanakuombea maisha marefu.

Kama ni bango linalokuaibisha, nitakuja kuwaomba radhi mimi mwenyewe. Heri unitukane, Baba. Kimya chako sina kinga yake.

Mwanao.


Tapeswaram, 17 Machi 2004

Mwanangu,

Hujambo? Mbavu je? Usinijibu "salama" kwa mazoea. Nataka habari za mbavu za kulia, maana niliona.

Nilimwambia shangazi yako naenda kununua samli, nikapanda basi. Ukumbini nikaketi safu ya mwisho, kando ya bwana mmoja mnene. Mpinzani wako, yule msichana wa Warangal, alipokutandika teke la kwanza, niliruka nikamkamata bwana yule mkono. Akauliza, "Ni mwanao?" Nikasema, "Simjui kabisa."

Raundi ya pili ulipomshushia ngumi mbili na lile teke la kuzunguka, nikapiga kelele, "Wangu huyo! Nimemzaa mimi!" Bwana akashika kichwa. "Na huyo anayepigwa ni wangu," akasema.

Raundi ya tatu hatukuiona. Tulishikana mikono, macho tumefumba, mama wa safu ya mbele akitusimulia. Binti wa bwana yule aliposhinda kwa pointi moja, baba mtu alinikumbatia akilia utadhani ameshindwa yeye.

Nilitaka kuja kwako, nikaishia stendi. Wiki saba hizi, kila nikishika kalamu namwona mama yako kitandani. Nilimwahidi kwamba hutaumia. Sikujua kuna kuumia ambako mtu anainuka, anajifuta pua, anacheka. Ulicheka, Charu. Nilikuona.

Kamati nimeiambia ukweli. Mwenyekiti akauliza kama utaonyesha mateke badala ya ngoma. Nikamwambia sawa, ili mradi mpinzani awe yeye. Bango limebanduliwa siku hiyo hiyo.

Lakini kwa nini unashusha mkono wa kushoto kabla ya kupiga teke? Hata mimi mpika kaja nimeliona hilo. Kamwulize kocha.

Baba yako.


Visakhapatnam, 24 Machi 2004

Baba mpenzi,

Shikamoo. Mbavu zimevimba ila hazikuvunjika. Picha ya eksirei nimepigwa, usiite mtu. Kocha amesoma swali lako, akasema neno hilo amelipigia kelele mwaka mzima, na sasa mmekuwa wawili.

Siku ile yule msichana wa Warangal alinifuata chumba cha kubadilishia nguo. "Baba yangu alikaa na baba yako," akasema. "Wako ametoka sasa hivi." Nikakimbia hadi stendi, bendeji mikononi, pua inavuja. Basi lilikuwa limeshaondoka. Pointi ile moja sikuililia. Nililia pale stendi, hadi mwuza karanga akaniuliza mume wangu anaishi wapi, akamtie adabu.

Usiondoke tena bila kuniaga.

Pambano lijalo ni Jumapili, Juni 6. Sikuulizi kama utakuja. Nakuuliza utafika na basi la saa ngapi.

Mwanao.