Chuma Mbele ya Magoti Yangu

Jumatatu, 1 Desemba

Baba yangu ananitia kinyaa. Sijamwambia mtu. Si Mama, si Bibi, na jana kanisani sikumwambia hata Mungu, ingawa najua anajua. Kwanza niliandika "ananikera", nikafuta. Si kero. Ni kinyaa, kama kukuta unywele kwenye ndizi ulizokwisha kula nusu sahani.

Leo kama siku zote tangu nimalize kidato cha nne mwaka jana. Kuamka, kuosha matope kwenye kirikuu, kigari chetu cha mizigo, kupanda kiti cha kushoto. Kisiba kuchukua mikungu ya ndizi, Kawetele kuchukua mingine, kurudi mjini kushusha. Mvua kutwa. Kazi yangu ni kupanga mikungu isichubuke na kufunga turubai. Zamani Baba alikuwa akiendesha huku anaimba nyimbo za kwaya, sauti ya nne, vibaya. Sasa haimbi. Anatazama vichaka.

Mwezi uliopita watu watatu walitusimamisha jioni. Waliweka magogo barabarani. Walichukua simu na mauzo ya siku. Walimlaza Baba kifudifudi kwenye matope, mmoja akamkanyaga kisogo huku anacheka. Mimi hawakunigusa. Waliniambia, "Binti, geuka," nikageuka. Nikamsikia Baba akimwambia "shikamoo" kijana wa umri wa kaka yangu.

Sichukii shikamoo ile. Ningesema hata mimi. Nachukia kilichofuata. Leo ametamka waziwazi kwamba anataka bastola. Ya bei nafuu tu, ya kukaa garini wakati wa kazi. Amesema kama mtu anayetaka jeki.

Jumatano, 3 Desemba

Bulyaga, dukani kwa Mzee Sefu, kutafuta fani belti ya gari. Baba akamuuliza pembeni yeye anaweka nini garini akienda Mbeya na mauzo. Mzee Sefu akasema, "Mimi naweka Bismillahi na tairi ya akiba."

Baba hakucheka. Mzee Sefu akaacha kucheka pia. Akamwambia kama ni lazima, kuna njia yake: aende serikali ya mtaa, aende polisi, aombe kibali kama watu. Baba akasema mpaka kibali kitoke atakuwa amelazwa matopeni mara ngapi.

Njiani aliniambia Mzee Sefu ni mwoga. Nilitazama dirisha. Somo la uraia nimelisoma miaka minne na najua silaha bila kibali inaitwaje. Nimekaa kimya. Mimi hukaa kimya hata nikikanyagwa mguu.

Ijumaa, 5 Desemba

Ameipata.

Tuliegesha nyuma ya pale wanapooshea magari. Akaja mtu wanayemwita Msafi. Shati jeupe, viatu vyeupe, kwenye tope lote hili. Alipanda nyuma ya kirikuu, akakaa juu ya turubai, akafungua sweta la shule ya msingi. Sweta la mtoto, la kijani, kiwiko kimetoboka. Ndani mlikuwa na bastola mbili.

Mimi nilikuwa palepale nimeshika mkungu. Faida ya kuwa mkimya ni kwamba watu wanakusahau. Nimeona yote. Bora nisingeona.

Walizigeuzageuza kama viatu vya mtumba. Baba alizinusa. Kwa nini mtu anuse bastola? Moja ilikuwa nzito, nyeusi, safi. Nyingine ndogo, mpini umezungushiwa utepe wa umeme, inanuka mafuta ya taa. Baba akauliza, "Hii ndogo inafaa kwa gari?"

Msafi akasema, "Mzee wangu, ile ya kwanza ni ya mtu mwenye pesa. Hii ya pili ni ya mtu mwenye haraka."

Wakacheka wote wawili. Baba ana haraka. Akachukua ya pili.

Msafi akaniangalia. "Na huyu binti? Haongei?"

"Huyu hana neno," Baba akasema.

Kweli, sina.

Jumamosi, 6 Desemba

Chini ya viti vya kirikuu kuna injini, panachemka. Kwa hiyo ameiweka kwenye kiboksi cha dashibodi, upande wangu. Mbele ya magoti yangu. Hapo ndipo tulikuwa tunaweka maandazi.

Ameniambia Mama asijue. Maandazi yamebaki humohumo, kwenye mfuko, jirani na kile kitu. Saa nne nilikula moja. Lilikuwa na ladha ya mafuta ya taa. Nikalitema dirishani. Baba alikula matatu.

Kila tukipita kwenye shimo inagonga. Kok. Nakunja miguu.

Jumapili, 7 Desemba

Baada ya ibada nilishuka kwa wifi Tusekile. Ni mke wa kaka Lusajo. Kaka yuko Chunya machimboni. Wifi na mtoto wao Ipyana wanakaa nyumba ya chini ya shamba letu. Napenda kwake. Yeye huongea kwa watu wawili, mimi napumzika.

Wifi hajawahi kumwona Baba usoni, wala Baba hajamwona yeye. Ndiyo desturi yetu: mke wa mwana hakutani na baba mkwe. Akisikia anakuja, anajificha. Wakikutana njiani, anatoka pembeni, anachuchumaa, anajifunika na kumpa mgongo mpaka apite. Wengi wa rika letu wameacha, na mchungaji hadai. Lakini kwetu kuna Bibi, na Bibi hachezewi.

Wifi halalamiki. "Mimi baba mkwe namjua kwa ekzosi," anasema. "Ikikohoa tu kule kona, mimi niko nyuma ya jiko."

Nilitaka kumwambia kuhusu kiboksi. Sikumwambia. Nikambeba Ipyana hadi akalala.

Jumanne, 9 Desemba

Kawetele. Mama mmoja mzee alikataa kupunguza bei ya mikungu yake. Ni haki yake, ilikuwa mikubwa. Zamani Baba angetania, angemwita shemeji, wangemalizana. Leo alipandisha sauti. Kisha akaegemea dirisha la upande wangu, akaweka mkono juu ya kiboksi. Hakukifungua. Alikipapasa tu, kama mtu anayepapasa mbwa.

Yule mama hakujua kuna nini mle. Lakini aliona uso. Akasema, "Ndaga, asante baba, chukua," kama mtu anayeomba yaishe. Akaingia ndani.

Kuanzia pale Baba aliimba. Sauti ya nne. Nilitaka kuziba masikio. Anadhani amerudi kuwa mwanaume. Amekuwa kama yule aliyemkanyaga.

Alhamisi, 11 Desemba

Naandika polepole nisiruke kitu.

Jioni, tunatoka Kisiba. Mvua, ukungu mpaka chini. Kwenye kona kabla ya nyumbani mgomba umeanguka, umelala barabarani. Ni upepo tu. Kila mvua kubwa migomba yenye mkungu huanguka. Mtu yeyote wa hapa anajua. Baba hakuona mgomba. Aliona magogo.

Akafunga breki. Upande wake, kwenye majani, mtu. Amejifunika mfuko wa mbolea kujikinga mvua. Akachuchumaa haraka, akatupa mgongo. Mgongo una nundu, kama amebeba kitu.

"Ndio hao," Baba akasema.

Mkono wake ukapita juu ya magoti yangu mpaka kwenye kiboksi, ukarudi na bastola. Kioo chake kilikuwa wazi. Nilitaka kusema kitu. Mdomo ukawa ule mdomo wangu wa siku zote.

Akavuta.

Tik. Sauti ndogo, kama njiti ya kiberiti iliyolowa. Akaipiga kwa kiganja, mara mbili, akanyoosha mkono tena.

Chini ya mfuko wa mbolea mtoto akalia.

Kilio kile nakijua. Nundu ilikuwa Ipyana, mgongoni kwa mama yake. Nikapiga kelele, "Ni wifi!" Sijawahi kutoa sauti ile maishani mwangu.

Alisikia ekzosi, akajificha. Ndiyo yote. Alichuchumaa kumheshimu baba mkwe wake, na baba mkwe akamlenga mgongoni, na mgongoni alikuwepo mjukuu. Mwizi gani anachuchumaa na kukupa mgongo? Mwezi mmoja nyuma Baba angejua palepale. Angepunguza mwendo, angetazama pembeni, angepita. Amepita hivyo miaka mitatu.

Nikashuka. Wifi hakugeuka.

"Wifi, ni wewe?" akaniuliza chini ya mfuko. "Kulikoni unanipigia kelele? Mbona mmesimama, mnataka niote mizizi hapa?"

"Mgomba umeanguka," nikasema.

"Basi uvute mpite, mwenzio magoti yanauma."

Alikuwa anacheka. Mvua ilikuwa kubwa, hakusikia ile tik. Nikauvuta mgomba peke yangu. Baba hakushuka. Desturi inamkataza kushuka wakati mkwe yupo. Alikumbuka desturi sasa.

Tumeokolewa na ubovu. Angenunua ile nzuri, leo tungekuwa na maiti mbili.

Ijumaa, 12 Desemba

Hatukwenda kazini. Baba kasema gari lina hitilafu. Mama kapika. Sikula.

Jumamosi, 13 Desemba

Ameirudisha. Nilikwenda naye, hakuniita wala hakunizuia. Msafi aliifungua, akaichungulia, hakuuliza lolote. "Haina shida, mzee. Wateja wapo. Naipaka mafuta tu, inasimama." Akaifunga kwenye sweta lilelile. Kwa hiyo itakaa kwenye gari la mtu mwingine, tena imetengenezwa. Nilidhani ikiondoka nitapumua. Sikupumua.

Kituo cha polisi tulikipita tukirudi. Ningeweza kusema "Baba, simama." Sikusema. Kinyaa hiki sasa ni cha watu wawili.

Lakini mbele kidogo nilisema kitu kingine. Sikupanga. Nilisema nikitazama mbele.

"Baba, ulipolenga mara ya kwanza ulikuwa umeogopa. Mara ya pili ulikuwa unataka."

Nilingoja kofi. Alisimamisha gari, akashuka, akasimama kwenye mvua muda mrefu. Aliporudi maji yalikuwa yanamchuruzika mpaka kwenye pedali. Akasema, "Nilidhani huna neno."

Hakusema samahani. Na kwangu asingeisema. Si mimi niliyelengwa.

Jumatano, 17 Desemba

Baba amemwambia Bibi kwamba hataki tena wifi ajifiche. Anataka desturi iondolewe, atoe ng'ombe wa kumpa mkwe kama mila inavyotaka, yaishe.

Bibi amewaka. "Hayo mambo ya kisungu umeyatoa wapi?" Ulimi wa Bibi haujui z. "Mkwe akuone uso? Mvua itagoma!"

"Mama, imenyesha wiki nzima," Baba akasema.

"Basi itanyesha mawe!"

Mama alitoka nje kwenda kucheka. Mimi sikuweza. Bibi alimuuliza sababu mara nyingi. Baba alitazama mikono yake. Mwishoni alisema njia zina utelezi, mkwe ana mtoto, ataanguka siku moja akikimbilia majani. Bibi akamtazama sana. Bibi si mjinga. Akasema, "Haya. Mlete shangazi yako, afanye yeye. Mimi sitaki kuwa shahidi."

Jumapili, 21 Desemba

Imefanyika leo baada ya ibada. Watu wachache tu. Shangazi wa Baba alimshika wifi mkono, akamleta uani amefunikwa khanga mbili. Ng'ombe alikuwa amefungwa pale, mtamba mwekundu, mzuri kuliko wote tulionao. Shangazi akazitoa khanga moja moja. Wifi akainua uso.

Baba alitazama miguu yake. Ilibidi shangazi amwambie, "Mtazame, mwanangu, ndiye huyu." Akainua macho, akaanza kulia palepale, mbele ya watu. Wanawake wakapiga vigelegele. Hata Bibi, aliyesema hatashuhudia, alichungulia mlangoni.

Wifi amefurahi mpaka anatetemeka. Kila anayepita anamwita. "Baba mkwe wangu ananipenda, mwaona? Wangapi wanapewa ng'ombe ili waonekane?" Jioni aliniuliza, "Wifi, uliona alivyolia?"

Nikasema niliona.

Amempigia kaka Chunya, amemweleza yote, hata rangi ya ng'ombe. Kesho anataka kwenda na Baba kwenye kirikuu mpaka sokoni, akae mbele, apungie watu. Baba amekubali. Mimi nitakaa nyuma na mikungu.

Sasa hivi Ipyana amelala mapajani pangu. Utosi wake unapwita. Bado sijui kama nimemsamehe Baba. Chakula alichonipakulia leo nilikula.

Nimeyaandika haya kwa ajili yangu. Lakini kama umefika mpaka hapa na wewe si mimi, basi unajua tunachokijua watu wawili tu. Wifi Tusekile ana ng'ombe wake na furaha yake. Nakuomba. Usimwambie.