Nilivyotafsiri Maneno ya Mama Asha

Korogwe,
Alhamisi.

Kwa mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na lile goti liwe limepoa kidogo. Mahindi ya kule bondeni vipi, yamepata mvua au yanasinyaa kama ya mwaka jana? Bibi anakula vizuri? Mimi huku mwili ni mzima, ila roho haitulii. Nalala nikiamka, nakula nikiacha.

Najua unashangaa kuletewa karatasi wakati simu ipo. Mama, kwenye simu nashindwa. Ukiniuliza kazi inaendaje najibu inaenda vizuri, halafu nakata na kukaa kitandani nikijichukia. Unanijua nilivyo. Hata darasani nilikuwa nalijua jibu na bado nasubiri mwingine anyooshe mkono. Karatasi hainitazami usoni, ndiyo maana nimeiweza. Naomba uisome yote kabla hujakasirika, kwa sababu inamhusu mjomba, na mwishoni nina ombi kwako ambalo haliwezi kungoja zaidi ya Jumamosi, siku atakayofika huko.

Kazi yetu unaijua kwa juu juu tu. Kampuni inanunua chupa za plastiki kwa waokotaji wa hapa mjini na wa vijijini. Zikifika yadi zinachambuliwa, nyeupe kwake, za rangi kwake, vifuniko kwake, kisha mashine inazishindilia ziwe marobota na gari linazipeleka Dar. Kutoka hapo mnunuzi wa nje anazichukua. Mimi nimewekwa ofisini kwa sababu ya Kiingereza changu cha sekondari. Naandika karatasi za mzigo. Wanaochambua juani ni watu kumi na wawili, karibu wote wa huko nyumbani, na wote wameletwa na mjomba. Kampuni haiwaajiri moja kwa moja. Inamwambia mjomba inataka watu, yeye analeta na kuwasimamia.

Siku mtu anapofika, kitambulisho chake cha taifa kinaingia kwenye kopo la biskuti la mjomba, na kopo linafungiwa kabatini. Sikuliona kuwa ni tatizo. Wewe ulinilea nikijua kwamba mtu akikabidhiwa kwa mkubwa, anakabidhiwa na vitu vyake. Lakini mtu akitaka kuondoka, mjomba anasema, "Subiri mzigo huu ukamilike." Mzigo ukikamilika, kuna mwingine. Na hakuna anayethubutu kuondoka akiacha kitambulisho alichokisubiri mwaka mzima.

Mmoja wa hao kumi na wawili ni Mama Asha, unamfahamu, yule mjane wa nyuma ya shule. Binti yake Asha alikuwa mjamzito huko nyumbani, mimba ya kwanza, na mama yake alitaka kuwa naye. Aliomba kitambulisho chake mara tatu. Mara ya tatu nilikuwepo. Mjomba alimwambia huku akicheka, "Wewe ndiye utakayezaa? Si kuna manesi?" Watu wakacheka na mimi nikacheka. Hilo nalikiri la kwanza.

La pili ni kubwa zaidi. Wiki mbili zilizopita alikuja mgeni, mama mmoja wa Kizungu mwenye mvi, ametumwa na yule mnunuzi wa nje. Hawataki kununua mzigo uliopitia kwenye mikono ya watu wanaolazimishwa kazi, iwe kwenye kampuni yenyewe au kwa wale wanaoiletea chupa na watu. Alitanguliza fomu ya maswali, na nikapewa niitafsiri. Kichwa cha fomu nilikiandika "utumwa mamboleo". Mjomba akasoma begani kwangu.

"Utumwa? Utumwa ni minyororo, mpwa wangu. Humu yadi umeona mnyororo zaidi ya ule wa baiskeli ya mlinzi?"

Nikaendelea na maswali. Swali la sita lilisema: nani anatunza kitambulisho chako, na ukikitaka leo utakipata? Nililitafsiri vizuri kabisa, mama, bila kosa hata moja.

Siku ya mahojiano mgeni alikaa kwenye benchi karibu na mizani, mimi pembeni yake kama mkalimani. Meneja wetu, tunayemwita Madam, aliagiza wasimamizi wote wakae mbali. Mjomba akasogea hatua kumi na kuanza kufunga viroba ambavyo tayari vilikuwa vimefungwa. Mama Asha alipofikiwa na swali la sita alivua glavu kwanza. Akasema, "Mwambie hivi. Kitambulisho changu anacho Mjomba. Nimekiomba mara tatu nikamwangalie mwanangu, nimenyimwa. Mimi si mfungwa, lakini nikiamka asubuhi sioni tofauti. Mwambie hivyohivyo, usipunguze."

Nikamtazama mjomba. Hakunikunjia uso wala nini, alikuwa anaangalia kucha zake tu. Nikamkumbuka alivyokuja usiku wa msiba wa baba akasema, "Hawa watoto ni wangu." Nikakumbuka ada zote zile. Nikamgeukia mgeni na kumwambia kwa Kiingereza kwamba mama huyu anasema kitambulisho chake kinatunzwa na kiongozi wao, ameridhika, na anaweza kukichukua wakati wowote.

Kwa Kiswahili uongo ule usingenitoka, mama. Ningeisikia sauti yangu. Kwa Kiingereza ulikuwa kama jibu la mtihani.

Mgeni akaweka alama ya vema. Mama Asha akanitazama, akasema, "Mbona mimi nimesema mengi, wewe umesema machache?"

Kijana mmoja wa mashine akadakia, "Kizungu kinabana maneno, mama, kama robota!"

Wakacheka wote isipokuwa yeye. Akavaa glavu zake.

Jioni ile mjomba alininunulia chipsi mayai na soda baridi. "Mpwa wangu ana akili," akawaambia watu wa kibandani. "Huyu si wa kuropoka." Nilizisukuma zile chipsi huku na huku mpaka zikapoa.

Siku ya nne Asha akajifungua, mtoto wa kike. Wazima wote wawili, alhamdulillah. Mama Asha alipewa habari kwa simu akiwa katikati ya lundo la chupa. Hakulia. Aliuliza tu, "Nani amemwogesha?" Sijui aliambiwa nani. Akarudisha simu kifuani na kuendelea kuchambua, nyeupe huku, za rangi kule. Nilikuwa dirishani namwona. Tangu hapo ndiyo nikawa silali.

Nilizunguka na jambo hili siku nyingi. Mara nne nilifika mlangoni kwa Madam nikageuka, mara moja nikasingizia natafuta stepla. Jumapili nikaona niandike, kama ninavyokuandikia wewe. Kwanza nilimfuata Mama Asha chumbani kwao. Nikamwambia nilichokitafsiri siku ile, neno kwa neno. Alikuwa anachambua mchele. Akatupa kijiwe kimoja, akasema, "Nilijua. Sikujua Kizungu, ila uso wako niliujua."

Nikaomba msamaha. Akasema, "Andika kwanza, msamaha tutauona." Nikaandika kurasa mbili, moja ya Kiswahili na moja ya Kiingereza, nikamsomea ile ya Kiswahili.

"Hapo soma tena."

"'Nilisikitika.'"

"Futa. Andika nilikasirika. Kusikitika, nilisikitikia ya kwako."

Nikafuta. Halafu akasema jambo ambalo ndilo hasa limenifanya nikuandikie. Nilimuuliza kwa nini alikubali kukitoa kitambulisho tangu mwanzo. Akasema, "Mimi sikumpa mjomba wako. Nilimpa mama yako."

Nilikuwa nimesahau, mama. Jioni ya kuamkia safari watu huja kwetu, wewe unawakaribisha uji, wanakupa vitambulisho unavifunga kwenye khanga, na asubuhi unamkabidhi mjomba. Wanakuamini wewe. Najua ulikuwa unafanya wema, visipotee njiani. Mimi pia nilidhani hivyo.

Jumatatu nilimpa Madam zile karatasi. Alisoma zote mbili, akavua miwani.

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Nilimwogopa mjomba."

"Na leo humwogopi?"

"Namwogopa, Madam."

Akampigia yule mgeni nikiwa palepale, nikalazimika kurudia kwa mdomo. Nilipata kigugumizi, lakini nilisema yote, na kwamba mwongo nilikuwa mimi. Jumanne asubuhi watu wote wakaitwa, na mjomba akaambiwa alete kopo. Alilifungua mwenyewe juu ya mizani. Aliita majina, mmoja mmoja wakapokea. "Hesabuni!" akasema. "Kuna hata kimoja kilichopotea? Kuna hata kimoja kilicholowa?" Ni kweli, mama, hakuna. Vyote kumi na viwili vilikuwa kama vipya. Mjomba si jambazi, na sitaki umsikie hivyo kutoka kwa mtu yeyote. Nadhani mpaka leo anaamini alikuwa anawatunza.

Changu hakikuwamo. Nilikuwa nacho kwenye pochi tangu siku ya kwanza, na hata siku moja sikujiuliza kwa nini mimi tu.

Madam amesema kuanzia sasa kampuni itaandika mikataba na watu wenyewe, na kila mtu atakaa na kitambulisho chake. Mjomba hakungoja. Alichukua kopo tupu, akapita mbele yangu na kusema, "Kiingereza nilichokulipia ndicho ulichonichongea nacho." Hajanisemesha tena. Nimehamia chumbani kwa kina Mama Asha. Nikisikia pikipiki nje natoka kuangalia kama ni yeye. Sijui ningemwambia nini.

Sasa ombi. Nimesikia kwa vijana wa mashine kwamba mjomba amepata yadi nyingine, ya mtu binafsi, isiyokuwa na Madam wala mgeni wa kuja kuuliza. Anakuja huko Jumamosi kuchukua watu watano. Watakuja kwetu jioni kama kawaida. Mama, nakuomba, wape uji, lakini vitambulisho usipokee. Waambie kila mmoja akae na chake. Na mjomba akiwa hapo, waambie akiwa hapo. Najua nakuomba kitu ambacho mimi nilishindwa kukifanya hatua kumi tu kutoka kwake, na yeye kwako ni kaka, mmenyonya ziwa moja. Ukiona huwezi sitakulaumu. Ila nipigie uniambie ukweli, nami nitapanda basi nije niseme mwenyewe, hata kama itachukua jioni nzima.

Nisalimie bibi, mwambie kikohozi changu kimeisha. Nisalimie mdogo wangu Shabani, aache kuazima baiskeli ya mwalimu wa madrasa bila kuomba, na mwalimu mwenyewe mpe shikamoo yangu. Nisalimie shangazi wa sokoni na dada Mwajuma, jirani yetu wa kisimani. Asha mpe pongezi.

Na mjomba akifika, mpe shikamoo yangu pia. Asipoitikia, basi.

Barua hii anakuletea Mama Asha mwenyewe. Anapanda basi kesho alfajiri, kitambulisho anacho. Ukiona nimeongeza chumvi popote, muulize yeye. Hapo hamtahitaji mkalimani.

Ni mimi mwanao anayekupenda na kukuogopa,
Mwanaidi