Gamba Jeusi Ndani ya Waya

Jumatatu, 3 Machi
"Waya uliotengenezwa nyumbani humwaibisha mpiga gitaa mbele za watu." Ndivyo alivyoandika mwenye duka la vyombo vya muziki, ukurasa wa barua, gazeti la jana. Uongo mtupu! Waya wa dukani ni nini? Shaba, plastiki, lehemu, plagi mbili. Hakuna uganga hapo. Kinachomwaibisha mpiga gitaa ni plagi ya kiwandani isiyofunguka. Ikifa unaitupa, unarudi kwake. Hiyo ndiyo hoja yake yote, ameivalisha koti tu. Nimemjibu kwa makala. Inatoka Alhamisi.

Na ushahidi ninao mezani: nyaya tano fupi, kila mmoja urefu wa kiganja, za kuunganisha pedali sita za gitaa la mdogo wangu, zile anazokanyaga kubadili sauti. Nimezilehemu kwa mkono wangu. Jumamosi anapanda nazo jukwaani, mji wa pili, kwenye usaili. Bendi inataka mpiga gitaa mmoja. Wamejitokeza kumi na mmoja.

Jumanne, 4 Machi
Mdogo wangu kaja kuzichukua. Kauliza kama nimezipima. Nimezipima, nikamwambia, kwa mita, kile kipimo cha umeme kinacholia nyuzi zikigusana.
"Dada, wewe hata mchuzi unausifu kabla hujauonja."
Tukacheka. Kisha akaviangalia vidole vyake. Miaka miwili iliyopita vilimtetemeka jukwaani. Aliliweka gitaa chini katikati ya wimbo, akatoka. Tangu siku hiyo anapanga maboksi ghalani.
"Safari hii vikinisaliti tena, gitaa nauza."
Nikamfungia nyaya kwenye mfuko.

Jumatano, 5 Machi
Nimekwenda kwake kumsikiliza akifanya mazoezi. Nyimbo mbili safi kabisa. Wa tatu — sauti ikafifia, kama imefunikwa blanketi. Halafu mkwaruzo. Akaacha kupiga. Hakuziangalia pedali. Aliangalia vidole!
Nikasema ni umeme wa mtaa huu. Akaniamini, maskini.
Kwa nini nilisema vile? Najua kwa nini. Makala ilikuwa imeshakwenda kiwanda cha uchapaji.

Alhamisi, 6 Machi
Imetoka. Kali, safi, haina pa kushikwa. Watu wawili wamenipigia kunipongeza. Wa tatu alipopiga, sikupokea.

Ijumaa, 7 Machi
Asubuhi nimepeleka waya wa akiba, niliouunga pamoja na zile tano, kwa fundi redio. Mzee huyu ananiita Mama Makala tangu zamani. Akafungua plagi, akavaa miwani, akaguna.
"Mama Makala, hili gamba jeusi umeliacha la nini?"
"Si plastiki tu?"
"Plastiki, lakini ina kaboni. Inapitisha umeme. Unalikwangua mpaka uone nyeupe. Wewe umeliacha linagusa uzi wa katikati."
"Mbona mita haikulia?"
"Mita hulia ikikuta barabara kuu. Uchochoro, umeme unaovuja kidogo kidogo, haikwambii. Igeuze kutoka mlio iende kwenye namba, uone."
Nikageuza. Namba ikatokea pasipotakiwa namba yoyote.
Nikamuuliza utadumu muda gani. Inategemea, akasema: ukilala mezani, miaka, ukikanyagwakanyagwa, plagi zinasogea, gamba linabana, sauti inakufa. "Nani anaukanyaga?" Fundi akauliza, akacheka peke yake.
Nyaya tano, ncha kumi. Nimekosea mara kumi, kwa uthabiti ule ule! Nimesoma vitabu vya kujaza kabati mbili, nikashindwa kumuuliza mtu mmoja swali moja.

Nimempigia mdogo wangu. Imezimwa. Nikampigia wifi. Kumbe ameondoka na basi la saa sita, kazima simu mpaka amalize, hataki ushauri wa mtu.
"Wifi, kuna nini? Mbona unahema?"
Nimepanda ngazi, nikamwambia. Uongo wa pili wiki hii.
Jioni hii nimetengeneza tano nyingine. Nimekwangua mpaka nyeupe. Nimeziangalia kwenye namba — hakuna namba. Lehemu imenichoma kidole, acha inichome. Naogopa. Sauti ikikatika, hatadhani ni waya. Atadhani ni yeye.

Jumamosi, 8 Machi, saa nne na nusu asubuhi
Basi liliharibika njiani. Nimefika sasa hivi. Ukumbi, korido ndefu, benchi. Nyaya ziko mkobani. Mwanamke wa mlangoni hasikii neno.
"Mama, ameshaingia. Mtu akishaingia, sifungui mpaka atoke."
Nimebishana. Nimetoa sauti yangu yote ya mikutanoni. Kanitazama tu, kama mvua inayonyesha kwa jirani.

Namsikia. Wimbo wa kwanza — safi. Yarabi! Anapiga kama zamani. Wa pili ameuanza. Naomba Mungu. Mimi, wa kuomba!
Blanketi. Lile lile blanketi.
Mkwaruzo.
Kimya.

Hajaanza tena. Najua anaangalia wapi.

Mwanamke wa mlangoni kalegea: wewe huingii, ila karatasi naweza kuwapitishia waamuzi watatu walio mezani. Sina karatasi nyingine. Ukurasa huu nitauchana.

Ninyi watatu mlioketi mezani: msiandike alama yoyote. Huyo mbele yenu ni mdogo wangu. Hajakosea. Nyaya zake nilizitengeneza mimi, vibaya, nikashuku tangu Jumatano, nikanyamaza. Nzima ziko hapa mlangoni. Fungueni! Lakini kwanza mwambieni, sasa hivi, kwa sauti, kwamba si vidole vyake. Mwambieni kabla hajaliweka gitaa chini.