Nimefungua chakula changu mbele ya mama yake Lorenz

Bomba linadondosha maji humu chooni nilimojificha na binti yangu Vroni, na taa sijawasha. Roswitha, nakunong'oneza kwa simu: nimekwisha!

Lorenz ametuleta kwa mama yake, kwenye kilabu chao cha mvinyo, atukubali kabla ya ndoa. Mvinyo ukaletwa mezani. Mimi nikafungua mkate na nyama nilivyobeba kutoka nyumbani! Si unajua vilabu vya kijijini kwetu, wao huuza mvinyo tu, kila mtu anakuja na chakula chake?

Kumbe hapa chakula unakifuata kaunta. Na mpishi ni mama mwenyewe!

"Binti, changu kina sumu?" Wateja wakaangua kicheko. Eti kina sumu, Roswitha!

Sasa mama huyo anagonga mlango. "Mnafanya nini humo?"

Vroni wangu amemjibu kwa sauti: "Bibi, mama anakuogopa."