Mwamba Usiokuwa Kwenye Ramani

Makorora, Tanga

Mdogo wangu Castory,

Nimekuficha jambo tangu uliponyang'anywa leseni ya unahodha, na sitaki kuzikwa nalo.

Kifua hakinipi nafuu. Mwanangu Ritha ananipikia uji, nusu naumwaga asiponiona.

Wapimaji wameanza kazi kwenye mlango wa mto kule Moa, kabla haujachimbwa. Sonar yao hupeleka sauti hadi chini ya maji, na setilaiti huwaonyesha walipo hasa. Mkuu wao, binti aitwaye Najat, alikuja na ramani niliyoichora nikiwa mpimaji.

"Shikamoo, babu. Hapa uliandika kina cha pima nne. Sisi tumekuta mwamba."

"Labda mchanga umehama."

"Mchanga unahama, babu. Mwamba hauhami."

Hapo ndipo mashua yako ilipopasukia. Mbele ya kamati ya uchunguzi niliapa kwamba ramani ni sahihi, nahodha ndiye aliyepotea njia. Ukanigeukia ukasema, "Kaka, njia ile niliifuata kwa ramani yako." Nikatazama chini. Hujanisemesha tangu siku hiyo, na una haki.

Najat nimemkabidhi maelezo yangu, yenye sahihi, ayapeleke kunakohusika.

Enzi zetu tulipima kwa bildi, ile kamba yenye uzito wa risasi, mstari kwa mstari. Ulibaki mstari mmoja asubuhi ya arusi yako. Nilitaka kuwahi kanisani, nikajaza tarakimu nikiwa mezani.

Mstari ule sikuupima.

Kaka yako,
Ernesti