Sukari ya Mbwa wa Hilaria

Jumatatu, 10 Oktoba 1983

Bobi hajala tangu jana. Anaharisha. Labda kaokota mzoga huko kijiji cha jirani, Bonga, hupenda kuzurura. Nimemwekea maji kwenye karai — kanusa tu, kageuzia uso ukutani.

Mbwa wa Hilaria huyu, si wangu. Tangu nimzike mke wangu huyo mwezi wa tano, mimi na Bobi tunaishi humu kama wapangaji wawili wasiosalimiana.

Barua ya Romana haijafika. Binti mmoja tu, na Tanga ni mbali.

Jumanne, 11 Oktoba

Katapika mara tatu. Nimemwita Pantaleo, bwana mifugo. Alicheka kwanza — yeye huitwa kwa ng'ombe. Lakini alikuja, akachuchumaa, akavuta ngozi ya mgongoni karibu na shingo kwa vidole viwili, akaiachia. Ikabaki imesimama! Ya mbwa mzima hurudi mara moja, akasema. Akafunua mdomo: ufizi mkavu, unanata. Macho yamezama. Huyu kaishiwa maji mwilini. Ndama nao huwa hivyo hivyo.

Dripu hana. Stoo tupu tangu Juni. Basi nichemshe maji, yapoe, lita moja, vijiko sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Nimnyweshe kidogo kidogo, kila robo saa. Akinywa mengi kwa mpigo atayatapika yote.

Nikauliza: sukari nitaitoa wapi? Yeye mwenyewe anakunywa chai ya chumvi.

Jumatano, 12 Oktoba

Duka la ushirika halina kitu. Nikaenda kwa jirani, Mama Fabiola. Sijakanyaga kwake tangu matanga. Alifurahi mno! Akanipa kiti, akauliza habari za Romana. Nikaomba sukari kidogo.

Ya nini, Baba Romana?

Nikasema nina mgeni. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Labda niliona haya.

Akaingia ndani, akatoka na kikombe cha kahawa kimejaa sukari, kimefunikwa kitambaa. Alikuwa ameiweka kwa ajili ya kipaimara cha Fabiola. "Mgeni asinywe chai chungu nyumbani kwa Hilaria," akasema.

Maji napimia kwa chupa tupu za bia, mbili ndiyo lita yangu. Namtilia Bobi kwa kijiko pembeni mwa shavu, asipaliwe. Anameza! Nikajisikia nikisema: haya mzee, kimoja tena. Sauti yangu ilinishtua. Ilikuwa haijasikika humu ndani siku nyingi.

Alhamisi, 13 Oktoba

Amekojoa! Kidogo, njano kabisa, lakini amekojoa. Kutapika kumekoma. Ngozi inarudi, ingawa polepole. Alilaza kichwa juu ya kiatu changu, nikakaa bila kusogea mpaka mguu ukafa ganzi.

Nilimsimulia mambo mengi. Hata hili: siku zake za mwisho Hilaria aliuliza kwanza kama mbwa amekula, ndipo akaniuliza mimi. Niliona wivu. Mtu mzima kama mimi!

Saa kumi Mama Fabiola akaja na maziwa ya mgeni. Akanikuta barazani, mbwa mapajani, kijiko mkononi. Akatazama kikombe chake. Akatazama mlango.

"Mgeni yuko wapi?"

Nikamtazama Bobi.

Akasema wanawe asubuhi walikunywa uji wa chumvi. Hakupaza sauti — afadhali angefoka. Aliyaweka maziwa chini, akaenda zake.

Sijayagusa.

Ijumaa, 14 Oktoba

Kuharisha kumerudi alfajiri. Ngozi inasimama tena. Maji yamebaki nusu chupa, na sukari ndiyo imekwisha. Pantaleo kasema siku mbili zaidi, nisikatishe hata kidogo.

Mara mbili nimefika kwenye ua wa Mama Fabiola, mara mbili nimerudi. Nilikuwa natunga: mgeni aliondoka ghafla, mgeni alikuwa mgonjwa... Upuuzi. Ukweli ni mfupi. Naogopa kubaki peke yangu kabisa. Maneno hayo sijamwandikia hata Romana.

Bobi anapumua juu juu. Nimempa kijiko, kimetiririka nje.

Mama Fabiola yuko uani kwake, anapepeta mahindi. Watoto wako shule. Nimemwita kwa jina lake kutoka dirishani, nimesema: nilikudanganya.

Ametua ungo. Hajaingia ndani. Amesimama, ananitazama, anangoja niseme lililobaki.