Ndege ya Saa Moja na Dakika Tano

Shangazi mpendwa, nishike mkono kabla ya Jumamosi maana nimejichimbia shimo mwenyewe. Mimi ni fundi miwani, nina duka dogo, na Mama yangu ni mwalimu wa hesabu mstaafu anayeishi mji mwingine. Baba alipofariki miaka mitatu iliyopita nilikwenda kuzika kwa ndege mbili, nikatoka asubuhi nikafika jioni kwa sababu ya kusubiri ile ya pili, Mama akanionea huruma sana, na tangu hapo kila akiniuliza nitakwenda lini namjibu, "Mama, ni safari ya kutwa nzima, duka nitamwachia nani?" naye husema, "Basi mwanangu, usijitese." Lakini Shangazi, mwaka uleule ilianza ndege ya moja kwa moja, kilomita mia sita na arobaini, saa moja na dakika tano tu, kuna wateja wangu wanaochagua fremu kwa muda mrefu kuliko huo, nami nikanyamaza kimya, si kwamba simpendi, ni kwamba nikifikiria kuingia sebuleni nikute kiti cha Baba kitupu, naahirisha tena. Sasa wiki iliyopita dada yangu kamkatia Mama tiketi ya ndege hiyohiyo, kampelekea mkononi, na Mama kanipigia huku anacheka, "Kama wewe huwezi, nakuja mimi, nitafunga chakula cha kutwa." Hajawahi kupanda ndege, Shangazi. Atashuka hata mkebe hajaufungua. Nimwambie upepo uliisukuma ndege?
Fundi Miwani

Fundi, pole kwa msiba. Nakupa pole leo kwa sababu naona hukuwahi kuipokea. Uongo wako ulianza ukiwa kweli, ndiyo maana umekukaa vizuri mdomoni, na mtu kuogopa nyumba ambayo baba yake hayumo tena si kosa.

Ila huo upepo uache huko huko. Unapima watu macho kila siku, na hili limekupita? Mwalimu wa hesabu ameshika tiketi yenye saa ya kuondoka na saa ya kufika, halafu unadhani ameshindwa kutoa? Mama yako anajua. Angetaka kukuumbua angekuumbua kwenye simu. Badala yake alicheka, akataja chakula cha kutwa, akakuachia nafasi useme mwenyewe, na wewe ukakimbilia kuniandikia mimi.

Mpigie leo, kabla hujafunga duka. Usimzungushe. Sema, "Mama, nilikudanganya. Safari yenyewe ni ya saa moja tu. Nilishindwa kuingia nyumba isiyo na Baba." Kisha nyamaza, hata akikuchapa maneno. Jumamosi kampokee, na akirudi panda naye, ukae siku tatu, duka lifunge.

Wewe kile kiti umekikimbia miaka mitatu. Yeye amekula chakula chake mbele ya kiti hicho kila siku, peke yake.